Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua bima ya maisha

Anayeikimu familia anapoaga dunia, jamaa na marafiki huunda kamati na kuchanga fedha za mazishi. Aghalabu mchango huo hukoma siku ya maziko. Karo ya muhula ujao, kodi ya nyumba na chakula cha watoto huachiwa mjane au mgane peke yake. Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na bima ya maisha.

Bima hizi ni za namna nyingi, lakini kwa jumla zagawika mara nne. Ya kwanza ni bima ya muda maalumu, ambayo mtu huilipia kwa miaka iliyowekwa, mathebulani 10 au 20. Akifa katika kipindi hicho, jamaa zake hulipwa. Muda ukiisha akiwa hai, harudishiwi kitu. Kwa sababu hiyo ada yake ni nafuu, nayo humfaa mzazi mwenye watoto wadogo na kipato cha wastani.

Ya pili ni bima ya maisha yote, ambayo hulipa wakati wowote mwenye bima anapofariki. Ya tatu ni bima ya akiba, ikiwemo ya elimu, inayochanganya kinga na uwekaji wa fedha. Ada yake huwa juu, na anayeivunja katika miaka ya mwanzo huenda asipate chochote au akapata pungufu ya alicholipa. Ya nne ni bima ya mazishi. Hii hulipa upesi, lakini fedha zake ni za kugharimia maziko tu, wala haziwezi kuilea familia.

Kiasi cha kinga hakifai kukisiwa. Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh40,000 kwa mwezi, ambaye familia yake hutumia Sh30,000, na mtoto wake wa mwisho ana umri wa miaka 8. Mpaka mtoto huyo atimize miaka 18, familia itahitaji Sh3.6 milioni. Ukiongeza deni la shamba la Sh400,000, jumla ni Sh4 milioni. Iwapo ana akiba ya Sh500,000, na mwajiri amemkatia bima ya kikundi ya Sh1.44 milioni, yaani mshahara wa miaka mitatu, pengo lililobaki ni Sh2.06 milioni. Hata hivyo, hesabu hiyo haijajumuisha kupanda kwa bei za bidhaa. Tena, bima ya mwajiri kwa kawaida hukoma mtu anapoacha kazi.

Serikali humpa nafuu ya ushuru anayelipia bima ya maisha yake, ya mkewe au mumewe, au ya mtoto wake. Nafuu hiyo ni asilimia 15 ya ada, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi. Anayelipa ada ya Sh4,000 hupunguziwa Sh600. Bima ya akiba au ya elimu sharti iwe ya miaka isiyopungua 10.

Jambo linalozusha mizozo mingi ni jina la atakayelipwa. Kijana aliyemwandika mzazi wake kabla ya kuoa, asibadilishe jina hilo baadaye, huenda akawaacha mke na watoto mikono mitupu. Pasipo jina lolote, fedha huingia katika mali ya marehemu na kungoja taratibu za urithi mahakamani. Aidha, mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 hakabidhiwi fedha hizo moja kwa moja, hivyo ni vyema kumteua mdhamini mwaminifu.

Fomu ya maombi yafaa kujazwa kwa ukweli. Anayeficha shinikizo la damu, kisukari au uvutaji wa sigara ili apunguziwe ada huwapa wenye kampuni sababu ya kukataa kulipa wakati familia inapohitaji zaidi. Vilevile, anayekosa kulipa ada na kupitisha muda wa ziada aliopewa, ambao mara nyingi ni siku 30, hupoteza kinga.

Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi ahakikishe kwamba kampuni na ajenti wana leseni ya IRA, halmashauri inayodhibiti bima nchini. Kampuni ya serikali ya Kenya National Assurance ilipoporomoka mwaka 1996, wenye bima wengi walisubiri malipo yao kwa miaka mingi. Siku hizi ipo hazina ya kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika, lakini fidia yake ina kikomo.

Hatimaye, mke, mume au jamaa wa karibu aelezwe kampuni ni ipi na hati zimewekwa wapi. Fedha za bima zisizodaiwa hatimaye hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali isiyo na mwenyewe, huku watoto waliokusudiwa wakifukuzwa shule kwa kukosa karo.