Kwotabeki, kocha na hukumu ya mashabiki

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi. Timu ikishindwa, yeye na kocha ndio hulaumiwa kwanza. Aprili 1999, mashabiki wa Philadelphia Eagles waliotaka mchezaji mwingine walimzomea Donovan McNabb aliposajiliwa chini ya kocha Andy Reid. Mwaka wa 2003, Rush Limbaugh alidai katika runinga ya ESPN kwamba wanahabari walimsifu kupita kiasi kwa kuwa ni mweusi. Alijiuzulu siku chache baadaye. McNabb aliifikisha Eagles fainali ya Super Bowl Februari 2005, ikalazwa 24-21 na New England Patriots. Septemba 2013, klabu iliistaafisha rasmi jezi yake nambari 5. Waliomzomea walikuwa wamehukumu kabla ya kuona.