Bagamoyo: Historia ya Mji wa Mapumziko

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba utulivu wa miji midogo ya pwani, ambao huwavuta wakazi wa miji mikubwa kila mwisho wa juma, haukuletwa na upepo wa bahari peke yake. Utulivu huo una historia, tena historia inayotugusa sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili katika Kongo. Mfano tutakaoutumia ni Bagamoyo, mji ulioko yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ukiikabili Unguja. Wageni hufika huko Jumamosi. Huogelea, hula samaki, hutembelea magofu ya Kaole na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha hurejea Jumapili jioni wakiusifu mji kwa ukimya wake.

Ukimya huo ungewashangaza watu wa mwaka 1870. Wakati ule Bagamoyo ilikuwa kikomo cha njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapitia Tabora hadi baharini, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 uliochukua miezi mitatu au zaidi. Pembe za ndovu zilipakiwa hapo majahazini kwenda Unguja. Watumwa nao walipitishwa hapo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, walijaa mjini wakingoja msafara wa kurudi bara. Mwezi Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo na wenzake wa safari, Chuma na Susi wakiwa miongoni mwao. Mwezi Novemba mwaka uleule Stanley aliondoka hapo na msafara ambao, baada ya kupita Nyangwe na kuufuata mto Kongo, ulifika Boma mwezi Agosti 1877.

Ni nini basi kilichounyamazisha mji? Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni bandari. Ufuo wa Bagamoyo una maji ya kina kidogo. Jahazi liliweza kupwelewa juu ya mchanga na kupakuliwa, lakini meli ya mvuke ililazimika kutia nanga mbali. Wajerumani, baada ya kuwashinda Abushiri na wenzake katika vita vya miaka 1888 na 1889, walihamisha makao ya utawala wao mwaka 1891 kwenda Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Sababu ya pili ni reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa mabegani kwa miezi sasa ilisafiri kwa siku chache. Mpagazi alipokosa kazi, mji nao ulikosa riziki. Anachokifurahia mgeni wa Jumamosi ni masalio ya hasara hiyo.

Jina la mji linatufundisha jambo jingine. Zamani liliandikwa pia Bwagamoyo, nalo hufasiriwa kwa njia mbili. Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyeacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Wengine, kwamba ni furaha ya mpagazi aliyefika. Kwa upande wa lugha, fasiri ya pili ina nguvu zaidi. Kitenzi bwaga huenda na mzigo: mchukuzi hubwaga mzigo anapofika. Kwa kukata tamaa, Kiswahili husema kuvunjika moyo au kufa moyo. Hoja hii haifuti mateso ya watumwa waliopita hapo. Inaonyesha tu kwamba mapumziko yalikuwa kazi ya mji huu tangu zamani. Lakini mapumziko ya mpagazi hayakuhesabiwa kwa juma, bali kwa safari.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyotuletea lugha. Kutoka Ujiji Kiswahili kilivuka ziwa kikafika Manyema, ambako Tippu Tip na wafanyabiashara wenziwe walikuwa na vituo, Kasongo kikiwa kimojawapo. Neno posho, yaani chakula au nguo aliyopewa mpagazi njiani, likaja kutumika Katanga kwa mgawo wa chakula cha wafanyakazi wa migodi.

Hatuoni ubaya katika kwenda Bagamoyo kupumzika; mji huo ulikuzwa na watu waliofika wamechoka. Ila majengo ya mawe anayoonyeshwa mgeni hukumbusha zaidi wafanyabiashara, wamisionari na watawala. Mpagazi hakujenga nyumba ya mawe. Kumbukumbu yake imo katika jina la mji na katika lugha tunayoifundisha, na ni juu yetu, wanaisimu na wanahistoria kwa pamoja, kuikusanya kabla haijasahaulika.