Gesi ya Jiwe

Hapa Kasense ukisema "gesi", watu wanafikiria mtungi wa kupikia. Msomaji wa magazeti atakumbuka Songo Songo, kule Kilwa, ilikogunduliwa mwaka 1974. Hiyo ni gesi ya viumbe: mabaki yao yalifukiwa kwenye tope, joto la ardhini likayapika kwa mamilioni ya miaka, yakawa methani.

Gesi ya kwetu Rukwa ni heliamu, na haitokani na kitu kilichowahi kuishi. Ndani ya miamba mikongwe, kama hii inayoubeba uwanda wa Ufipa, urani na thori huvunjika polepole na kuacha chembe za heliamu. Zilikaa humo zimefungwa mpaka Bonde la Ufa lilipopasuka na joto likazifungua. Zikapanda pamoja na naitrojeni. Nyingine zikakwama chini ya matabaka ya udongo mzito bondeni, nyingine zikatokea kwenye chemchemi, mapovu tu.

Ukiteremka Lyambalyamfipa unalikuta bonde lenyewe. Kusini mwake, Ivuna, watu wamechemsha chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili, Ivuna na Galula. Ilitafuta mafuta, haikupata ya kibiashara, ikafungasha. Ikaonekana bonde halina kitu. Kumbe swali ndilo lilikuwa dogo! Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Uchimbaji wa majaribio ukaanza 2021.

Heliamu hupoza sumaku za mashine za MRI. Mama yangu mdogo alipoandikiwa kipimo hicho, tulipanda basi alfajiri hadi Mbeya. Njiani akaniuliza naandika habari gani siku hizi. Nikamweleza. Akacheka: "Yaani dawa ya mashine iko kwetu, na sisi tunaifuata mashine?"

Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba heliamu ni nyepesi mno. Ikishatoroka inapanda hadi nje ya anga, hairudi. Jiwe lilihitaji mamilioni ya miaka kuitoa. Mikataba yake, basi, tuisome sasa, kabla haijawa historia ya kusimuliwa na wengine.