Ukanda wa Kati wa Molekuli

Ukanda wa Kati wa Molekuli ni eneo la gesi na vumbi linalozunguka kitovu cha galaksi ya Njia Nyeupe, takriban miakanuru 26,000 kutoka Dunia, upande wa kundinyota la Mshale. Gesi yake, hasa hidrojeni ya molekuli, ina masi ya makumi ya mamilioni ya mara ya ile ya Jua.

Msongamano wa wastani hufikia molekuli 10,000 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Halijoto ya gesi kwa kawaida ni kelvini 50 hadi 100 au zaidi, ilhali mawingu baridi ya sehemu nyingine za galaksi huwa na kelvini 10 hadi 20. Vumbi lililochanganyika na gesi ya ukanda huu lina kelvini 20 hadi 30 tu. Hivyo joto la gesi halitokani na vumbi, bali huhusishwa zaidi na misukosuko ya gesi yenyewe na miali ya kosmiki.

Halijoto hupimwa kwa darubini za redio kupitia mistari ya spektra ya amonia na formaldehidi. Licha ya wingi wa gesi, nyota mpya huzaliwa kwa uchache kuliko inavyotarajiwa, isipokuwa katika mawingu machache kama Sagittarius B2.