Ningu

Ningu (Labeo victorianus) ni samaki wa maji baridi, jamaa wa kuyu, asiyepatikana nje ya Ziwa Victoria na mito na maziwa yaliyoungana nalo. Huishi ziwani, lakini hutaga mitoni. Mvua kubwa zinaponyesha, makundi yake hukusanyika kwenye milango ya mito kama Kagera, Mara, Nzoia na Sondu-Miriu, kisha hupanda hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Maji yanapopungua, samaki na vifaranga wao huteremka kurudi ziwani.

Wakazi wa kandokando ya mito hiyo waliufahamu msimu huo, wakategea kwa nyuzio za matete na migono. Hadi katikati ya karne ya 20 ningu alikuwa miongoni mwa samaki waliovuliwa kwa wingi zaidi kwenye mito hiyo.

Baadaye idadi yake iliporomoka, na kizuizi kilichomwangusha hakikuwa bwawa la zege, bali nyavu. Nyavu za kutega, zilizoingia ziwani mwaka 1905, zilitandazwa kwenye milango ya mito hasa msimu wa kupanda. Mwaka 1933 iliwekwa kanuni ya matundu yasiyopungua inchi 5 ili kumlinda ngege, aina ya perege wa ziwa hilo. Ilipoondolewa, kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, nyavu za matundu madogo zilienea. Ningu jike aliyejaa mayai alinaswa kabla ya kutaga hata mara moja, na kila msimu uliofuata ulipata wazazi wachache zaidi. Uvuvi wake ulianguka kabla sangara, samaki mgeni anayekula wenzake, hajatawala ziwa.

Mengine yalimkuta akiwa tayari amedhoofika, na ndiyo maana ni vigumu kumrudisha. Misitu iliyofyekwa na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huporomosha tope linaloweza kufukia mayai. Maji machafu ya viwanda na miji hupunguza oksijeni, hasa kiangazi, mto unapokuwa mwembamba. Kwenye Sondu-Miriu, mtambo wa umeme wa megawati 60 huchepusha maji mengi kupitia handaki, na sehemu ya mto chini ya banio hubaki na maji haba.

Nchini Uganda watafiti wamefaulu kumzalisha ningu kwa sindano za homoni. Ni hatua muhimu, ila kifaranga wa bwawani akiachiwa ziwani bado atalazimika kupanda mto akikomaa. Ulinzi wenye manufaa makubwa zaidi ni kuondoa nyavu zote kwenye milango ya mito tangu mvua za kwanza hadi mafuriko yatakapopungua.