Kila Chombo kwa Wimbile

Nilifundisha hesabu kwa miaka zaidi ya thelathini, na miaka kumi na miwili ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika muda huo wote sikumbuki kukosea hesabu mbele ya wanafunzi kwa namna ya kunifedhehesha. Hesabu iliyonifedhehesha niliikosea baada ya kustaafu, mbele ya kaka yangu, na ilihusu ubao mmoja wa nyuma ya mashua. Naomba msomaji anivumilie nieleze tulifikaje hapo.

Kwetu ni Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, hakina ardhi ya kutosha ya kulima, na tangu zamani hakikuwa na maji baridi ya kuwatosha watu wake. Maji yalivushwa kwa chombo. Ndiyo maana Jibondo imesifika kwa mafundi wa vyombo na manahodha. Baba yetu alikuwa nahodha, na alipofariki alituachia mashua moja ya futi 18. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, kaka akashika usukani. Mgawanyo huo haukutugombanisha kamwe, ila kwa jambo moja.

Mwaka 1979, mwezi wa Machi, mke wa kaka alishikwa na uchungu wa uzazi usiku, na wakunga wakasema hawaliwezi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Tulimlaza mashuani tukaelekea upande wa Mafia ili afikishwe hospitali Kilindoni. Ulikuwa wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaingia. Tulipofika katikati, upepo ukafa kabisa. Tanga lilining'inia kama kanga kwenye kamba, na maji ya kupwa yakaanza kuturudisha nje. Tulipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Jua lilipochomoza bado tuliiona pwani mbali. Shemeji alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku ile nilitamani mashua yetu ipate mashine. Kaka hakutaka. Kila nilipolitaja neno hilo alinyamaza, au alisema, "Mashine itawafisha watoto mikono." Mimi kwa ujinga wa ujana nilidhani anatetea ushupavu wake. Sikujua kwamba kwake kukubali mashine kulikuwa sawa na kukiri kwamba usiku ule kulikuwa na njia nyingine, naye hakuwa nayo.

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma habari za mashine hizi za kufungwa nyuma ya chombo, na nikagundua kwamba historia yake ni ya watu waliochoka kupiga makasia. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alijaribu katika mto Seine, mjini Paris, mota ndogo ya umeme aliyoiunganisha na usukani wa mashua. Mtu aliweza kuifungua na kwenda nayo nyumbani. Mwaka 1905 huko Detroit, Mmarekani Cameron Waterman, aliyekuwa amesomea sheria, alijaribu ya petroli, akaanza kuziuza. Lakini aliyezifanya zienee ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, na ambaye alikuwa fundi wa injini mjini Milwaukee. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia katika ziwa moja la Wisconsin ili kumletea aiskrimu binti aliyempenda, Bess Cary, na alipofika ilikuwa imekwisha yeyuka. Mwaka 1909 mashine yake ilikuwa tayari: nguvu za farasi moja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyeandika tangazo la kuwaambia watu wayatupe makasia yao.

Neno hilo la kutupa makasia lilinikaa kichwani. Mtu wa ziwa dogo anaweza kuyatupa. Mtu wa bahari kuu akiyatupa, siku petroli itakapokwisha atayakumbuka.

Baada ya hapo zilikuja za kila namna. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, niliona kwa macho yangu mashine ya Kiingereza ya aina ya Seagull nyuma ya mashua ya mzungu mmoja aliyekuja kuvua. Mwenyewe aliizungushia kamba kichwani kama mtu anayefunga pia, kisha akaivuta kwa nguvu, ikatoa moshi na kelele. Seagull zilianza kutengenezwa mwaka 1931 na zikakoma mwaka 1996. Wajapani nao waliingia: Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza mwaka 1960, na Honda mwaka 1964 ikatoa ya mapigo manne, isiyohitaji kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Hata jina la Evinrude lenyewe lilifika mwisho. Mashine zake ziliacha kutengenezwa mwaka 2020. Mafundi hupita na viwanda hufungwa, lakini tanga ambalo babu zangu walilijua bado linapandishwa Jibondo.

Nilisema haya siku moja mbele ya kaka na mwanawe, kijana aliyezaliwa miaka minne baada ya ule usiku. Ilikuwa mwaka 2014. Kijana akaniambia, "Baba mdogo, historia nzuri, lakini sisi tunataka mashine ya farasi 40. Wenzetu wenye boti za faiba wanatupita kama tumetia nanga." Nikamtazama kaka nikitegemea atanyamaza kama kawaida yake. Safari hii alisema, "Mwalimu, mpigie hesabu."

Nikachukua chaki, nikaandika juu ya ubao wa mlango.

Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Sisi huitumia methali hiyo kwa tabia za watu, lakini waliotunga walikuwa watu wa bahari, na kwa mashua ni kweli tupu. Chombo kizito kikienda hujitengenezea wimbi, na kadiri kinavyokwenda mbio wimbi hilo hurefuka. Likifika urefu wa chombo chenyewe, omo huwa juu ya wimbi moja na tezi juu ya jingine, na chombo kimekaa bondeni. Kutoka hapo ni kupanda mlima, na nguvu inayoongezwa huishia kuchimba bonde. Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1870 kwa kukokota vielelezo vya meli ndani ya hodhi mjini Torquay. Kanuni yake ni nyepesi: chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, jibu ni maili za bahari kwa saa. Mashua yetu inagusa maji kwa futi 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Mara 1.34 ni 5.36, yaani karibu kilomita 10 kwa saa. Ndiyo mwisho wa mashua ya baba, uifunge farasi wanane au farasi arobaini. Boti ya faiba ni nyepesi na ina kitako bapa, hivyo hupanda juu ya maji ikateleza. Yetu haikuumbwa hivyo.

Kiasi cha nguvu za farasi 4 kwa kila tani huwatosha wenye vyombo vya tanga. Sisi na mizigo yetu hatuzidi tani mbili. Nikaandika 8, nikapiga mstari chini yake. Kijana akacheka, akasema, "Shikamoo mwalimu."

Tulizungumza pia kuhusu mapigo mawili na mapigo manne. Ya mapigo manne hunywa petroli kidogo, haina kelele nyingi, na haiachi utando wa mafuta juu ya maji. Na sisi tunaishi ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Ila ni nzito zaidi na ufundi wake ni wa juu. Tulichagua ya mapigo mawili kwa sababu fundi tuliyemwamini aliijua na vipuri vyake vilipatikana. Mashine nzuri isiyo na fundi karibu ni mzigo wa chuma.

Sasa nakuja kwenye fedheha yangu. Mashua yetu ina tezi la ubao bapa uliosimama, si kama dau linalochongoka mbele na nyuma, kwa hiyo ni rahisi kufunga mashine. Lakini mashine hutengenezwa kwa miguu ya urefu mbalimbali: wa inchi 15, wa inchi 20, hata zaidi. Sharti upime kutoka pale itakapong'ata ubao hadi chini ya mashua, ili lile bamba lililo juu ya rafadha likae chini kidogo ya kitako cha chombo. Nilipima maji yakiwa yametulia, mashua tupu, nikapata inchi 16. Nikajiambia inchi moja si kitu, kwa kuwa mguu mfupi ulikuwa na bei nafuu. Nikasafiri hadi Dar es Salaam, nikaununua.

Tulifunga ubao wa mvule wa inchi 2 kuimarisha mahali pa kung'ata, pembeni mwa usukani ili mkono wa usukani usizuiwe. Tukaifunga mashine na kamba nene ya akiba, maana vifungio vikilegea mashine huenda chini moja kwa moja. Tukaivuta, ikawaka mara ya tatu. Maji ya kupoza yakatoka kwa kishindo chembamba, "inakojoa," kijana akashangilia. Ndani ya ghuba ilikwenda vizuri. Tulipotoka nje kwenye mawimbi, kila tezi lilipoinuka rafadha ilitoka majini ikapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa, na mashua ikasimama.

Kaka alinyosha mkono akaizima. Kwa muda tukasikia maji tu. Kisha akasema, "Mwalimu, umeipima bandarini. Bahari haipimwi bandarini."

Tulicheka wote watatu, na sijapata kumsikia kaka akicheka hivyo mashuani tangu ujana wetu. Nilirudi Dar es Salaam, muuzaji akakubali kunibadilishia, nikaongeza fedha, nikarejea na mguu wa inchi 20. Pia tulichagua rafadha ya hatua fupi, yaani ile ambayo kwa mzunguko mmoja husogea kidogo lakini husukuma kwa nguvu, inavyofaa chombo kizito. Kwa saa kumi za kwanza tuliiendesha polepole, vyuma vizoeane, kama kitabu chake kilivyoagiza.

Jambo lililobaki lilikuwa maji. Mashine iliyopita baharini yapaswa kusafishwa kwa maji baridi, ama sivyo chumvi huziba njia zake za ndani. Kwa mtu wa mjini hilo ni suala la kufungua bomba. Kwetu, ambako mama zetu walikunywa kwa kipimo, kuipa mashine ndoo ya maji kuliniumiza moyo. Shemeji ndiye aliyeamua. Alileta ndoo mwenyewe, akaiweka chini ya mashine, akasema, "Ipeni. Ikitaka mbili, ipeni mbili." Kaka aliinamisha uso. Katika miaka 35 hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia nyumbani kwao kuhusu usiku ule, na wala halikuutaja.

Jioni ile kaka aliweka masharti yake. Tanga litapandishwa kila safari, hata kama upepo ni mdogo. Makasia hayatashuka mashuani. Na petroli itakuwako galoni moja isiyoguswa kwa samaki wala kwa haraka ya mtu, ila kwa mgonjwa. Kijana alikubali kwa shingo upande, maana vijana hupenda kufika.

Kaka alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata nilikuwa Jibondo, nikapanda mashua ile na mwanawe kwenda upande wa Mafia. Upepo ulikuwa hafifu, nami kwa uzee wangu nilikuwa na haraka ya kufika. Nikamwambia, "Mwanangu, si uwashe?" Alikuwa akikaza demani, hakugeuka. Akasema, "Bado unavuta kidogo, baba mdogo. Ngoja kwanza."

Nikangoja. Chini ya miguu yangu, imefungwa kwa kamba ili isiviringike, ilikuwapo galoni moja ya petroli, imejaa mpaka shingoni.