Simu ya Nukta na Vistari

Wasikilizaji wa Kimali na wa Usukuma yote, leo nataka tuzungumze habari za alama za Morse, ambazo si lugha, lakini huweza kuchukua maneno ya lugha yo yote. Samuel Morse, Mmarekani, alipeleka simu yake mashuhuri tarehe 24 Mei 1844, toka Washington mpaka Baltimore. Kila herufi hufanywa kwa mlio mfupi, ndiyo nukta, na mlio mrefu, ndio kistari.

Katika pwani yetu jambo hili liliingia kwa mlango wa vita. Mwezi wa Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na habari ile ilichukua karibu siku 20 kufika London, kwa kuwa Afrika ya Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Mwaka ule ule waya ukalazwa chini ya bahari toka Aden, ukapita Unguja, ukafika Durban. Tangu hapo karani wa simu wa Unguja aliweza kujua kwa saa chache jambo ambalo zamani lilingoja meli majuma mengi.

Baadaye Wadachi walijenga vituo vya simu isiyo na waya: Mwanza na Bukoba mwaka 1911, na Dar es Salaam mwaka 1913. Fikirini, milio ile ilipita juu ya mashamba ya wazee wetu na ng'ombe wao, wala hapana aliyeisikia, maana sikio tupu haliwezi.

Vita vilipoanza, kituo cha Dar es Salaam kilipigwa mizinga na Waingereza tarehe 8 Agosti 1914, na Mwanza ikatwaliwa Julai 1916. Basi jeshi la Wadachi likazunguka porini bila kituo cha kupeleka simu zake. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini hata tarehe 13 jeshi lile lilikuwa bado vitani katika nchi iitwayo sasa Zambia, mpaka habari ilipolifikia karibu na mto Chambeshi. Siku mbili za vita vilivyokwisha! Mimi naona hapo ndipo thamani ya simu inapoonekana.

Sasa, mtu hujifunzaje alama hizi? Wengi huzichora katika karatasi na kuzikariri kwa macho. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu milio ikija mbio hapana nafasi ya kuhesabu. Yafaa kujifunza kwa sikio, kama mcheza ngoma ajuavyo mapigo bila kuyahesabu. Kistari kina urefu wa nukta tatu; baina ya herufi na herufi hunyamazwa kwa kadiri ya nukta tatu, na baina ya maneno nukta saba. Chukueni jina la Kimali. K ni kistari, nukta, kistari. I nukta mbili. M vistari viwili. A nukta na kistari. L nukta, kistari, nukta mbili. Kisha I tena. Kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika, jina lote huchukua kama sekunde 5.

Mwaka 2003 mkutano wa mataifa uliondoa sharti la kujua Morse kwa watu warushao redio kwa mapenzi yao, si kwa mshahara. Hata hivyo wengi hujifunza bado, kwa kuwa mlio hafifu wa Morse husikika katika makelele ambamo sauti ya mtu hupotea. Watu hao wa Tanzania hujitambulisha kwa alama 5H, yaani nukta tano, kisha nukta nne. Hapo ndipo mwanafunzi mpya hupotea: nne na tano humlilia sawasawa, mpaka sikio lizoee.